Pasi ya Kuzuia Mlango

Wazee wetu, shikamooni. Kina mama, kina baba, hamjambo nyote. Nashukuru kupewa nafasi hii, na nashukuru zaidi kwamba hamkunicheka sana nilivyokuja mbele. Nimewaona. Nimetoka kule nyuma nikiambaa na ukuta kama kaa, mgongo ukutani, uso kwenu, mpaka nikafika hapa. Kuna waliodhani nina jipu. Sina jipu. Sababu ninayo na nitaisema, lakini niacheni nianze mwanzo, maana nikianza na mgongo hamtanielewa.

Kazi yangu mnaijua, mimi ni dobi. Kabla ya vita nilikuwa na meza barazani kwangu, hapa hapa Kisauni, njia ya Mishomoroni, na pasi moja ya makaa, ile nzito yenye jogoo wa shaba juu ya kifuniko. Niliachiwa na marehemu baba. Asubuhi nawasha vifuu vya nazi, vikishika moto natia ndani, nafunga jogoo, naipitisha pasi juu ya jani la mgomba, kisha ndipo naigusisha nguo. Jani lile lina kazi mbili. Linakwambia kama pasi imezidi moto, na linaufanya uso wake uteleze. Baba alinifundisha jani kabla hajanifundisha nguo. Likumbukeni hilo jani, tutalirudia.

Vita vikaja, Kilindini ikajaa manowari, na watu wenye suruali za kunyooshwa wakaongezeka. Ikaja na kampuni. Sitaitaja. Walikuwa na duka la dobi kisiwani, jingine Changamwe, na sasa wakafungua la tatu upande wetu huu, kando ya njia ya Nyali, kwa kuwa nguzo za stima zilikuwa zimeshafika pale. Wakataka mtu wa kupiga pasi. Nikaenda, wakanijaribu, wakanichukua. Wakanipa kofia nyeupe yenye jina la kampuni mbele.

Ndugu zangu, nawaambia, ile kofia ilinipanda kichwani kuliko tembo la mnazi. Msicheke, nyote hilo tembo mnalijua. Nilirudi nyumbani nikaitazama pasi ya baba, nikaiona chafu, nikaiona nzito, nikaiona ya kishamba. Jirani yangu ni mama mmoja mjane. Nikambebea mpaka kwake, nikamwambia, "Mama, chukua hii. Kusi likivuma itakufaa kuzuia mlango."

Akaipokea kwa mikono miwili. "Ahsante, mwanangu. Lakini wewe je, kesho?"

"Mimi mama sasa ni mtu wa stima," nikamwambia. Nikaenda zangu nikipiga mluzi.

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni. Alisema neno moja tu, "Usiache mbachao kwa msala upitao." Nikamjibu kwamba methali ni za watu wasio na kofia.

Haya. Kazi ikaanza. Pasi ya stima ni nyepesi, haina jivu, haina moshi. Ina kasoro moja, stima ikienda nayo imekwenda. Na stima ilikuwa na safari nyingi, wallahi. Nisameheni, mchungaji, limenitoka, ndio ukaaji wa pwani. Ikawa watu wakinisalimu hawasemi "hujambo," wanasema, "Leo ipo?" Nami nikisema haipo, wanaketi kwenye benchi la duka na kuanza kuchambua. Mmoja atasema, "Manowari zimeivuta yote, hamwoni zilivyo na taa?" Mwingine, dereva wa lori, atasema, "Ni popo. Popo mmoja tu akiangukia waya, Mombasa nzima giza." Wa tatu hana hakika na chochote ila kwamba suruali yake imo ndani na yeye ana harusi. Mimi nimekaa nao, kofia kichwani, mikono mapajani, naongea kama bingwa wa mitambo. Nyuma yangu nguo zimelowa wanga wa muhogo, zinakauka zikiwa na makunyanzi, nyingine zinaanza kunuka uchachu. Na nguo ya wanga haingoji mtu. Wenyewe wakawa wanazichukua mbichi, wanakwenda nazo. Sikujiuliza wanakwenda nazo wapi.

Kisha kampuni ikauzwa. Kibao cheupe kikashushwa, kikapandishwa cha kijani, nami nikapewa kofia ya kijani. Ikapita miezi, ikauzwa tena. Kibao cha buluu, kofia ya buluu. Kila meneja mpya alitukusanya akasema sasa mambo yatabadilika. Pasi ni ile ile, waya ule ule, na dereva wa lori yuko pale pale benchini na popo wake.

Siku moja Jumatatu nikafika kazini na kofia yangu ya buluu, nikakuta dirishani mwa duka kumepangwa viatu. Nikafikiri nimepotea njia. Nikaingia. Akatoka bwana mmoja nisiyemjua, akanitazama miguuni, akaniuliza, "Unavaa namba ngapi?" Ndivyo nilivyojua kwamba sina kazi.

Sikumwambia mke wangu. Niliona haya. Kila asubuhi navaa kofia natoka, naenda kuketi kule ufukoni nyuma ya minazi ya watu, narudi jioni mikono mitupu. Akiniuliza, namwambia, "Stima haijarudi." Siku ya kwanza akanipa pole. Wiki ya kwanza akanipa pole. Wiki ya tatu akasema, "Hiyo stima imekwenda Uganda kwa miguu?" Tulikuwa tunakula muhogo mchana na muhogo jioni, na ule muhogo aliulima yeye. Hapa kanisani nikaacha kuja, nikijua mtaniuliza, "Leo ipo?"

Siku moja akarudi kutoka sokoni Kongowea, akatua kikapu, akaniambia kwa upole, "Nimepita dukani kwenu. Stima imerudi. Inauza viatu."

Nililia, ndugu zangu. Mtu mzima, ndevu hizi. Sikulilia kazi. Nililia kwa sababu hakunigombeza. Aliniwekea chakula, akaniambia, "Ukimaliza kula, nenda kwa jirani."

Nikaenda. Nikapiga hodi, nikasikia "Karibu," nikaingia uani. Nikasimama nimeduwaa. Pana meza ndefu yenye blanketi juu yake, kamba tatu za nguo, na pasi ya baba imekaa kwenye jani la mgomba, jogoo wake anang'aa. Mama yule anapiga kanzu pasi, jasho linamtoka, anaimba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kuidai pasi?"

"La, mama. Nimekuja kuomba kazi."

Akaiweka pasi chini. "Uliniambia itazuia mlango," akasema. "Imezuia. Njaa haijapita hapa." Kisha akacheka, akanipa kigoda. Akanieleza kwamba mwezi wa kwanza kweli ilizuia mlango. Halafu akaja mtu mwenye suruali mbichi yenye wanga, ana harusi, akaiona pale chini, akamwuliza kama bado inashika moto. Kesho yake wakaja wawili. Kila stima ilipozimika kwetu, kwake kulikucha. Mimi niliyekaa benchini nikichambua popo, nilikuwa nikimpelekea wateja bila kujua.

Akanichukua siku ile ile. Ilikuwa wiki ya kuelekea Pasaka, naye alikuwa amepewa kanzu za kwaya ya kanisa hili, kwa mara ya kwanza. Kwake ilikuwa kazi kubwa. Aliniambia, "Zikipendeza hizi, kanisa litaniletea siku zote. Zikiharibika, nimerudi kwenye kibarua cha kubeba kokoto." Akachukua mtungi akateke maji, akanionya akitoka, "Jani kwanza, mwanangu."

Jani kwanza! Mimi? Mtu wa kofia tatu? Nikajisemea hizi ni habari za kina mama. Nikajaza vifuu vyekundu, nikafunga jogoo, nikaichukua pasi moja kwa moja nikaitua mgongoni mwa kanzu nyeupe pee. Nikasikia chiii. Nikainua. Alama ya pasi imekaa pale katikati ya mabega, rangi ya chai ya rangi, ncha yake imeelekea shingoni.

Sasa nisikilizeni, maana haya ndiyo yaliyonileta mbele. Kuunguza nguo si dhambi, ni ajali. Nilichofanya baadaye ndicho dhambi. Niliikunja ile kanzu, alama ndani, nikaisukuma katikati ya zile alizokwisha kuzipiga yeye. Nikajisemea ikionekana, itaonekana ni ya kwake.

Jioni ile tukazileta hapa, mimi nimebeba furushi kichwani, yeye mbele yangu amefurahi, anasalimia kila mtu njiani. Kila hatua naambiwa na moyo wangu, sema. Sikusema. Tukafika, mama wa kwaya akafungua furushi, akaanza kuzikunjua moja moja na kusifu. Alama ikatoka. Watu wote wakamgeukia yule mama.

Aliitazama ile alama. Alijua, ndugu zangu. Hakunitupia jicho hata kidogo. Akasema, "Niwieni radhi. Ni kosa la nyumba yangu."

Nyumba yake! Mimi nina siku moja katika nyumba ile, na tayari amenihesabu mtu wake. Mimi niliyempa pasi kwa dharau. Nikatoa kofia yangu ya buluu, maana nilikuwa bado naivaa, mnaona upumbavu, nikasema kwa sauti iliyosikika mpaka barabarani, "Si yeye. Ni mimi. Aliniambia jani kwanza nikakataa, kisha nikaificha ili aaibike yeye."

Mzee mmoja wa kanisa akaishika kanzu, akaitazama mbele, akaitazama nyuma, akaniuliza, "Wewe waweza kuimba?"

"Sauti ya chini kidogo, mzee."

"Basi aliyeiunguza ataivaa. Na huyu mama aendelee na kanzu zetu."

Wakacheka wote, yule mama akacheka kuliko wote, akapangusa macho na ncha ya leso. Hivyo ndivyo nilivyorudi kanisani, na ndivyo nilivyoingia kwaya.

Pasi ni yake mpaka leo. Asubuhi anapiga yeye, alasiri napiga mimi, mke wangu anatengeneza wanga kwa muhogo ule ule ulionilisha. Majani ya mgomba nakata mimi, kila siku, kabla sijaulizwa. Stima nayo bado ina safari zake. Juzi bwana wa viatu alileta suti yake mwenyewe barazani, nikampokea vizuri, nikamtazama miguuni.

Namshukuru Mungu. Namshukuru mke wangu kwa kunipa muhogo badala ya maneno. Nawashukuru wanakwaya walionipa nafasi mstari wa nyuma, karibu na ukuta. Yule mama amenikataza kumtaja, nami simtaji, ila yumo humu, na leso yake haina kunyanzi hata moja. Ninalowaachia ni hili: ukiharibu, usikunje alama ndani. Itafunguliwa tu, na pengine atakayesimama kuibeba ni yule uliyemdharau.

Mwaka mzima nimeimba hapa nikiwa nimeegemea ukuta, kila wimbo, ili msiione. Nimechoka na ukuta. Kaeni tayari, nageuka.