Kitabu Kilichoshonewa Ndani ya Kiti

Fundi Sponji amefariki, na kitabu cha saba hakukisoma. Alikuwa nacho. Alikikalia karibu kiangazi kizima. Amekufa bila kuujua mwisho.

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Leo tunamkumbuka fundi makochi ambaye mtaa mzima ulimwita Sponji, kwa kuwa nywele zake hazikukosa vipande vya sponji. Jina lake halisi mkewe alilitumia akikasirika tu.

Karakanani walikuwa watatu. Sponji mwenyewe. Fundi mbao, aliyeunda fremu za makochi na kuongea kuliko redio hii. Na dada yake Sponji, mkubwa wake, aliyekata vitambaa mpaka macho yakamwisha, kisha akaendelea kushona kwa kupapasa. Mlango mmoja, dirisha moja, vumbi la mbao hadi ndani ya chai.

Na palikuwa na hadithi. Moja tu, lakini ya vitabu saba. Inamhusu mwanamke mpima ardhi aliyetumwa kuchora ramani ya mto mkubwa, kuanzia unapomwaga maji baharini, penye meli kubwa, mpaka unapozaliwa. Kila kitabu ni kipande kimoja cha mto. Kitabu cha saba ndicho cha mwisho. Humo ndimo anafika kwenye chanzo.

Kitabu cha kwanza kilipotoka, dada mtu alikuwa anaona. Cha nne kilipotoka, alikuwa haoni tena. Basi Sponji akawa anamsomea wakati wa chai, nyundo zikiwa chini. Akifika pale mtumbwi unapozama, anafunga kitabu.

“Kesho,” anasema.

“Sponji, wewe ni mtu mbaya!” fundi mbao anapiga kelele. “Mama wa watu yuko majini!”

“Atakaa humohumo mpaka kesho.”

Hatimaye cha saba kikafika. Sponji akakiweka mikononi mwa dada yake. Dada mtu akakipima kwa vidole, akakinusa.

“Kinene,” akasema. “Haya, kaa usome, mdogo wangu.”

“Sisomi.”

“Husomi nini?”

“Dada, tukikisoma kimekwisha. Cha nane hakuna. Tusubiri mvua. Siku ya kwanza ikinyesha, nasoma.”

Fundi mbao akacheka. “Vumbi limekuingia kichwani. Utakwenda kukichungulia nyumbani.”

“Ndiyo maana hakiendi nyumbani.”

Akafumua kiti chake mwenyewe cha kazini. Akakilaza kitabu chini ya sponji, akarudisha kitambaa, akampa dada yake sindano. “Shona wewe. Nikikigusa, vidole vyako vitajua.”

Dada mtu alishona, lakini alishona kwa hasira. Mkubwa ni yeye. Mgonjwa ni yeye, na si wa macho tu. Huyu mdogo alipata wapi muda wote huo wa kuchezea?

“Na nikifa kabla ya mvua?” akamuuliza.

“Hufi, dada. Una hamu mno.”

Wakacheka wote. Na kweli, hakufa.

Wasikilizaji wapendwa, kitabu kilikuwa kimefungwa, lakini karakana haikuwahi kuchangamka namna ile. Kila aliyeingia aliulizwa swali moja: mto ule unaanzia wapi? Mteja aliyefuata kochi lake aliondoka amechelewa kazini, bado anabisha. Fundi mbao alisema ni ziwa mlimani, maji meusi kwa baridi. Mkewe Sponji, aliyeleta chakula, alisema hakuna chanzo, yule mama atakuta mto mwingine na kuanza upya.

“Na wewe, kuku wetu?” fundi mbao akamtania. “Unayeatamia hilo yai, unasemaje?”

“Nitasema siku ya mvua.”

Dada mtu aliendelea kushona siku nyingi. Hasira ilikuwa imemtoka, hakujua lini. Aligundua kwamba anaamka asubuhi akiwa tayari yuko mtoni, anapanda na yule mama, anakanyaga mawe ya baridi. Mtu asiyeona, na anaona vile! Siku moja akaweka sindano chini.

“Ni jiwe,” akasema. “Jiwe linatoka jasho. Tone moja linajikusanya, linadondoka. Basi. Mto wote ule unaanzia kwenye tone ambalo mbuzi angelilamba likaisha.”

Fundi mbao alikuwa na misumari mdomoni, akasahau kuitoa.

“Na meli zote zile,” Sponji akanong’ona. “Dada. Meli zote zile.”

Sponji alifariki asubuhi, kiangazi hakijaisha, akiwa kwenye kiti hichohicho na sindano mkononi. Daktari alisema ni moyo.

Mvua ya kwanza ilikuja baada ya mazishi. Dada mtu aliomba apelekwe karakanani. Akapiga magoti mbele ya kiti, akapitisha vidole kwenye mshono, polepole, pande zote. Kila mshono ulikuwa wake. Hakuna uliofumuliwa.

“Hakuchungulia,” akamwambia wifi yake. “Alikalia mwisho wa hadithi, na hakuchungulia.”

Kisha akaufumua mwenyewe. Mke wa marehemu akasoma. Fundi mbao akachemsha chai. Walisoma siku hiyo na zilizofuata, bati likipigwa na mvua, mpaka ukurasa wa mwisho. Chanzo kikoje? Hatusemi. Dada mtu ametukataza. “Usiwaibie,” ametuambia.

Kwa dada mtu, kwa mke na watoto, kwa fundi mbao, poleni sana. Nasi tuliobaki, kila mmoja ana kitu kitamu alichokiweka mpaka mvua inyeshe. Tuketi leo tujiulize ni nani anayekingoja pamoja nasi, na kama tumeshamwambia yaliyo moyoni.

Kungoja kule kuliwapa kiangazi ambacho dada mtu anasema hakitapata mfano. Na kuligharimu haya. Sponji hakufika kwenye chanzo. Dada yake alifikishwa na sauti ya mtu mwingine. Na yeye Sponji, aliyeuliza kila mtu mto ule unaanzia wapi, alidhani unaanzia wapi? Hakusema. Hakuna ajuaye.