Msichimbe Shimo Kando ya Kisima cha Baba Yenu

Nisogezee mto mgongoni, Ramlo, sitaki kutoa wosia nikikodolea dari kama fundi wa mabati. Hapo hapo. Bismillahi. Haya wanangu, tegeni masikio, na wewe Abdihafid zima hiyo simu, Nairobi haitaanguka kwa sababu mama yako anazungumza.

Mimi Raho, mama yenu, akili zangu zote zimo kichwani, na anayesema zimeruka aje nimsimulie vituko vyake vya utotoni mbele ya mkewe. Nyuma ya pazia lile wameketi mashahidi wangu, Maalim na jirani yetu Abdilatif. Wanakunywa chai yangu, kwa hiyo hawana ruhusa ya kusinzia.

Ngamia na mbuzi walioko Hadado, na nyumba hii, gawaneni kama Kitabu kilivyoamuru. Hapo Mungu alishanimalizia kazi. Neno langu ni juu ya maji machafu. Cheka, Iftin, cheka! Mama anaaga dunia na anazungumzia maji ya kuoshea sufuria! Lakini tangu mtie bomba jikoni na bafuni, maji yanatoka humu kama tuna harusi kila siku, na ninyi watatu mmenikalia kichwani wiki nzima mkigombana yaende wapi, mkidhani nimelala. Sikulala. Nilifumba macho ili msininyweshe dawa.

Wewe Iftin unataka shimo la kufyonza maji, pale ukutani, kwa kuwa ni kazi ya siku moja na majirani wanayo. Mwanangu, hapa Wajir ukichimba kaburi la paka unakutana na maji. Ndiyo maana baba yenu, Mungu amrehemu, alikipata kisima chake akiwa bado anaonekana kuanzia mabegani kwenda juu. Sabuni na mafuta unayoyazika leo utayateka kesho kwa kamba, uyachemshe, umpe mwanao. Umesahau mwaka ule kisima kilipoanza kunuka, baba yenu akakuteremsha ndani ukatafute mzoga? Ulipanda na kandambili moja na hakuna mzoga. Mzoga ulikuwa shimo jipya la Abdilatif, nyuma ya ukuta wetu. Usikohoe huko nje, Abdilatif, kila mtu anajua! Nilimwita, nikampikia chai kwa maji yale yale, nikatia hiliki na tangawizi mpaka jiko likapiga chafya. Akanywa, akakunja uso, akasema, "Raho walaal, dada yangu, chai yako leo ina harufu." Nikamwambia, "Harufu ni yako, walaal, mimi nimetia sukari tu." Kabla ya alasiri alikuwa anafukia shimo, na hatukusemeshana mpaka Ramadhani mbili zikapita. Leo ndiye shahidi wangu, maana aliyewahi kuionja hoja yangu hawezi kuisahau.

Nawe Abdihafid unataka mtambo wa kusafisha maji. Una taa za kijani, unanguruma kama ngamia dume, na unataka umeme usiokatika. Umeme usiokatika, Wajir! Basi tuutafutie na mvua isiyochelewa. Yule fundi aliyekuja nao kwenye picha alikuuliza kwa adabu, "Maji ya bafuni ni ya kuoga tu?" Ukajibu, "Ya kuoga tu," kifua mbele. Nikapaza sauti kutoka kitandani hapa: na birika linakaa wapi? Nyumba nzima inaona uvivu kwenda na birika chooni, watu wanajisafishia bafuni kwa kuwa kuna vigae, halafu mnayaita maji ya kuoga! Yakiingia kwenye mtambo na yale mafuta ya kukaangia nyama ya nyirinyiri kutoka jikoni, taa zako zitabaki kijani, na sisi tutageuka kijani pamoja nazo.

Dada yenu Ramlo ndiye mnayemcheka, eti anataka bustani. Sikilizeni alichosema, maana mlikuwa mnapiga kelele. Sanduku la mawe yetu meupe, lijengwe juu ya ardhi, ndani litandikwe nailoni nzito ili hata tone lisishuke kwenda kisimani. Kokoto chini, mchanga juu, na matete ambayo dereva wa lori ameshayaleta kutoka ukingoni mwa Tana, Garissa. Maji ya jikoni yapite kwanza kwenye ndoo ya kunasa mafuta, na ndoo isafishwe na wanaokula nyama, yaani ninyi wanaume. Yatakayotoka yaende kwenye mindimu na mhina. Maalim ameshatoa hukumu: kwa miti ni halali, kwa udhu hapana. Na birika lirudi chooni, kuanzia leo, wallahi.

Mnatazamana. Mnasema moyoni, tumwitikie, akishaondoka tutachimba. Basi mashahidi, shusheni vikombe! Kisima cha baba yao, alichoniandikia mimi, pamoja na uwanja unaokizunguka mpaka ukutani, nimekifanya wakfu, ndani ya theluthi yangu, kwa kila mwenye kiu mtaani. Si cha Iftin, si cha Abdihafid, wala si cha Ramlo. Atakayechimba shimo pale hatagombana na marehemu. Atagombana na mtaa mzima wenye ndoo mikononi. Mmesikia huko nje? Semeni kwa sauti... Alhamdulillahi.

Nipe maji, Ramlo. Ya kisima. Kidogo tu... Matamu. Yana chumvi, lakini matamu.

Sasa pumzi inapungua, nisikilizeni karibu. Iftin, kokoto imelala langoni, kesho asubuhi ujenge sanduku uijaze humo. Siku yangu siijui, Mungu ndiye ajuaye... lakini nawe usiingoje. Mtakaponiosha, najua desturi, watu watakuja na jembe, wachimbe shimo uani la maji ya maiti. Wakatazeni. Sikulinda kisima miaka yote nije kukiharibu mimi mwenyewe. Nilazeni bafuni, maji yangu yapite kwenye kokoto... yafike kwenye mindimu. Mimi ndiye wa kwanza kulijaribu sanduku.

Likinuka, harufu ni yangu... nimekubali.

Mungu awape umri. Awape mvua. Msichukiane... Abdihafid, njoo, nishike huu mkono. Na wewe Iftin, huo mwingine...

Usiuchezee mkono, Iftin. Kachukue koleo la kokoto.