Neno la Kwanza la Binti wa Mkasi

Benchi lenyewe ni ubao mrefu uliolazwa juu ya matofali, mbele ya kibanda cha kinyozi, na asubuhi ile lilikuwa na watu kabla kahawa haijashuka jikoni. Mwenye kibanda waliyemwita Mkasi alikuwa anaishi uani, nyuma ya kibanda hichohicho, na mkewe na binti yao wa miaka miwili na nusu. Mtoto mzuri, mcheshi, ila hajawahi kusema neno. Akitaka kitu anakushika kidole anakuvuta mpaka ukione. Nesi wa kliniki alikuwa amewaambia wampeleke hospitali kubwa kwa mtaalamu wa usemi, na siku yenyewe ilikuwa leo. Mkasi hakulala vizuri. Safari haikumsumbua, kilichomsumbua ni yale atakayoambiwa akifika. Ndiyo maana alipotokeza mbio kutoka uani, kandambili moja mguuni na nyingine mkononi, wote benchini waligeuza shingo.

— Kasema, alisema Mkasi, hata salamu hakutoa. — Binti yangu kasema.

— Kasema nini? aliuliza Antena, fundi redio wa kibanda cha pili.

— Baba.

Antena akasimama, akamkamata mkono akautikisa mpaka bega likauma. Shangazi, mwenye birika la kahawa, akamimina kikombe bila kuombwa.

— Hiki ni cha mzazi, akasema. — Kunywa.

— Subirini kwanza. Huyo alikuwa Hakimu, karani mstaafu wa mahakama ambaye maishani mwake hajawahi kuhukumu hata kuku, lakini benchini hakuna kesi iliyompita. — Shahidi ajieleze vizuri. Alisema "baba" lote, au kipande?

Mkasi akapokea kikombe.

— Alisema "ba".

— Mara ngapi?

— Moja. Lakini ilitoka na nguvu.

— Basi hiyo ni nusu baba.

— Nusu baba ni baba, alisema Antena. — Redio ikikamata nusu ya stesheni, mimi najua ni nzima. Inataka kusogezwa waya tu.

— "Ba" inaweza kuwa bakuli, alisema Hakimu. — Inaweza kuwa bata.

— Kwangu hakuna bata, mzee.

— Ndiyo maana anamuulizia.

Wakacheka, na Mkasi akacheka nao, maana furaha aliyokuwa nayo ilikuwa haichagui. Akakaa pembeni ya Hakimu, akavaa ile kandambili ya pili.

— Hospitali hatuendi tena, akasema. — Nimemwambia mama yake aweke mkoba chini. Walitaka kumpima masikio, halafu wamtazame anavyocheza, waone anaelewa nini. Sasa mtu anayesema unampima nini?

Shangazi akamtazama.

— Na mama yake kasemaje?

— Kanyamaza.

— Kanyamaza kwa furaha, alisema Antena upesi. — Sikilizeni, mimi hawa watoto nawajua. Wanahifadhi. Maneno yanaingia, hayatoki, yanajazana humo kichwani. Siku mlango ukifunguka mtamlipa anyamaze.

— Mimi naona lilikuwa "barabara", alisema Hakimu. — Mtoto anayeanza na neno refu, huyo mhandisi. Atajenga madaraja.

— Au "basi", alisema Antena. Mkasi anaongea sana, mtoto kamwambia basi.

— Au "bado", alisema Shangazi, akifuta vikombe. — Mwaka mzima mnamkalisha, sema mama, sema baba. Leo kawajibu. Bado.

Benchi likaangua kicheko. Mkasi alichelewa kidogo kucheka. Kila jioni alikuwa anampakata yule mtoto, anamshika kidevu, sema baba, sema baba, mpaka mtoto anageuza uso ukutani. Hilo la kidevu hakuwahi kumsimulia mtu.

Antena alikuwa ameshapanda moto.

— Mnajua nini? Hii ni lugha yake mwenyewe. Kaja nayo. Sisi ndio tumechelewa kujifunza. Wajukuu zetu wote watasema "ba", na mambo yataenda.

— Mahakama itaendaje? aliuliza Hakimu, amekunja uso kweli kweli.

— Kwa sauti, mzee. "Ba" nzito, una hatia. "Ba" nyembamba, nenda nyumbani.

— Na rufaa?

— "Ba ba."

Hakimu alikuwa bado anaipima rufaa hiyo pale mama mmoja mgeni alipokohoa. Alikuwa mwisho wa benchi tangu mwanzo, feni mbovu mapajani, anamsubiri Antena amalize mazungumzo ndipo amtengenezee.

— Samahani kaka, alimwambia Mkasi. — Alipolisema hilo neno, alikuwa anatazama nini?

Mkasi akarudisha mawazo chumbani. Alijiona alivyokuwa: amepiga magoti, kichwa kimeingia chini ya kitanda, anatafuta kandambili. Sauti ilimjia mgongoni. Akachomoka pale, akamwambia mkewe aweke mkoba, akatoka mbio. Uso wa mtoto hakuugeukia hata kidogo.

— Sijui, akasema.

Akamtazama Hakimu. Hakimu akatazama kikombe chake. Antena, aliyekuwa na jibu la kila kitu, akaanza kukagua waya wa feni.

— Mimi wala si mjuzi wa mambo hayo, alisema yule mama. — Nimeuliza tu.

Mkasi akaiweka kahawa chini bila kuionja, akarudi uani.

Mkewe alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda. Mkoba hakuuweka chini, alikuwa ameukumbatia, na macho yake yalikuwa mekundu. Mtoto alikuwa sakafuni, mlangoni, ametazama nje. Safari hii Mkasi hakumpakata wala hakumshika kidevu. Alijilaza kifudifudi kwenye saruji mpaka uso wake ukalingana na wa mtoto, akafuata macho yake yanakoelekea.

Nje kulikuwa na ndoo chini ya bomba. Bomba lilikuwa linavuja. Kila tone likianguka, jua lilikuwa linachezacheza juu ya maji.

Mtoto akatazama ndoo. Akamtazama baba yake. Akarudi kwenye ndoo, akanyoosha mkono.

— Ba.

Kwa kitambo Mkasi alihisi kama kanyang'anywa kitu. Kisha likamjia jambo jingine kubwa zaidi: mtoto alikuwa anamwonyesha. Alikuwa anazungumza naye.

— Maji, akasema taratibu. — Umeona maji.

Mtoto akautazama mdomo wa baba yake kama mtu anayechungulia dirishani.

— Ba.

— Ndiyo, mama. Maji.

Akaenda akaivuta ndoo mpaka kizingitini. Mtoto akazamisha mikono yote miwili, akacheka mpaka akalowa kifua.

— Sasa tunaenda au hatuendi? aliuliza mkewe.

Mkasi akajifuta uso kwa kiganja.

— Mbadilishe nguo twende. Tutawaambia ana neno moja, na tunajua maana yake.