Tuligombania Msahafu wa Baba

Ndugu zangu, amani ya Mwenyezi Mungu iwashukie ninyi na nyumba zenu, hata zile zilizobaki majivu. Mimi naitwa Mwanaisha, mzaliwa wa Mocímboa da Praia, Msumbiji. Nasimama kumshukuru Mola kwa jambo alilonitendea siku niliyomzika mwanangu. Mnisamehe nikilia.

Tulizaliwa watatu. Kaka Saidi ndiye mkubwa, akafuata dada Zuhura, mimi kitinda mimba. Baba alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani, akatuachia msahafu ulioandikwa kwa mkono na babu yake. Baba alikufa, mama naye akamfuata. Siku ya arobaini ya mama, sahani hazijaoshwa, kaka akasema msahafu ni wake kwa kuwa ndiye mwanamume. Dada akaruka: "Nani alimuuguza baba? Ni mimi niliyeambiwa niutunze!" Kaka akauchukua, akaondoka nao. Ndugu zangu! Kitabu cha Mungu tulikigombania kama kunguru na matumbo ya samaki!

Tangu hapo hawakusalimiana. Nikienda kwa kaka, dada ananiita kigeugeu. Nikikaa na dada, kaka hapokei simu yangu. Wazazi nimewazika, na ndugu nao sina.

Kisha vita vikaingia mjini kwetu. Kila mtu alikimbia na njia yake. Mume wangu sijamwona mpaka leo. Mimi, dada na binti yangu Rehema tukafika Quionga, wenyeji wakatupa kibanda kwenye shamba lao la minazi. Kaka naye akaibukia Palma, mikono mitupu. Akatuma neno kwamba msahafu ulimponyoka alipokuwa akivuka maji kwenye mikoko. Nikadhani ugomvi umekwisha, maana hakuna tena cha kugombania. Wapi! Dada akasema, "Mwongo huyo. Ameuficha." Chuki ikawa mbaya kuliko mwanzo.

Masika yale Rehema akashikwa na homa. Njia ilikuwa tope tupu, ospitali mbali. Akanifia mapajani asubuhi, mvua inanyesha.

Jirani akampigia kaka simu. Dada aliposikia akasema, "Saidi akiingia hapa, mimi natoka."

Sikuwa na nguvu hata ya kupandisha sauti. Nikamwambia, "Dada, mwanangu hana baba. Mjomba wake naye humtaki? Nani atamtia kaburini?"

Nikaomba kimoyomoyo: Ya Rabbi, nimeshindwa, nimekuachia wewe.

Kisha dada akafunga kitambaa chake cha kapulana kiunoni, akateka maji, akamwosha Rehema, akamvisha sanda. Alasiri kaka akafika kwa miguu, tope mpaka magotini. Akasimama mlangoni, hakuthubutu kuingia. Dada akamnyanyua mtoto, akampelekea.

"Kaka," dada akasema, "mshike kichwa vizuri."

"Nimemshika, mdogo wangu."

Kaka akaenda naye makaburini pamoja na wanaume wa kijiji.

Aliporudi, dada akammiminia maji ya kunawa. Tukala watatu ugali walioleta majirani. Kaka akaanza kulia. "Zuhura, wallahi msahafu ulizama."

Dada akatazama chini. "Labda. Kula kwanza."

Mpaka leo sijui kama amemwamini. Ila anamwita kaka, na kaka akija haondoki bila kula kwake.

Ndugu zangu, Mungu hakunirudishia mtoto. Mume hakumrudisha, wala nyumba. Nalia bado, na mvua ikinyesha ndiyo zaidi. Lakini siku ile ningebaki peke yangu na maiti ya mwanangu, akaniletea ndugu zangu wawili mlango mmoja. Alhamdulillah! Alhamdulillah!

Wewe unayenisikiliza, kama kitu cha marehemu kimewatenganisha kwenu, usisubiri jeneza liwaite. Mwambie Mola leo. Huna maneno? Hata mimi sikuwa nayo, nilisema nimeshindwa, akanisikia. Mtegemee. Na mnapoomba, mtajeni Rehema wangu.