Mama Nzi na Chupa Zilizofungwa Vizuri

Ndugu waombolezaji, familia imemkabidhi kazi hii kitinda mimba wa nyumba, huyu anayesema nanyi, ambaye shule aliiacha njiani lakini sauti anayo kuliko wasomi wote waliojaa hapo mbele, kwa hiyo tulieni, zimeni simu, msikie habari za dada yake.

Marehemu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Nzi naye akaitika bila kinyongo, alizaliwa tarehe 9 Machi 1979, katika chumba cha nyuma ya ghala la mbao alilokuwa akililinda baba, akiwa wa kwanza kati ya watoto watatu. Alianza shule ya msingi mwaka 1986, akashika namba moja mpaka walimu wakachoka kupiga makofi, akamaliza sekondari mwaka 1998 na chuo kikuu mwaka 2003, na mwaka 2005 akaajiriwa katika maabara ya ghorofa ya tatu, chumba chenye dirisha moja lisilofunguka, kufuga nzi wadogo wa matunda, nasi tukamcheka sana, maana kwa wenzetu mtoto husomeshwa ili atoke kwenye nzi, wetu alisoma ili awalishe.

Lakini kazi yenyewe haikuwa mchezo. Seli zinazopakana mwilini huzungumza kwa kugusana, moja inatoa neno, ya pili inalipokea kwa protini iliyochomoza nje kama sikio, na maneno yakitosha, protini nyingine ndogo hubandikwa kwenye sikio hilo kama alama, seli ikalivuta ndani na kulivunja, kelele zikaisha. Marehemu alitaka kujua ni nani anayebandika, na mwaka 2019 akapata ukoo mmoja wa nzi ambao kwao alama hiyo haibandikwi, seli zao hazikomi kusikilizana, mabawa yao yanaota na mishipa iliyokatika, na ukoo huo haukuwepo kwingine kokote duniani.

Aliolewa tarehe 14 Agosti 2010 na shemeji yetu, fundi seremala, mtu wa mikono mizuri na maneno machache, wakajaliwa binti mmoja, aliyezaliwa tarehe 2 Mei 2012.

Figo zilianza kumsumbua Februari 2022, na mwaka uliofuata maabara ilipofungwa kwa matengenezo aliwahamishia nzi wake, ndani ya chupa zao, chumbani kwake nyumbani, kwenye rafu aliyoichonga mumewe, na alipolazwa tarehe 3 Juni 2023 akamwelekeza namna ya kuwabadilishia chakula, ila hakukumbuka kumwambia kwamba wanapumua kupitia sifongo ya mdomo wa chupa. Shemeji alipoona mmoja ameponyoka, aliogopa mali ya mkewe isije ikapotea mikononi mwake, akachonga vifuniko vya mbao, vikakaa sawasawa bila hata pengo la unywele, akavipaka nta, kisha akaibeba chupa moja mpaka wodini akisema, "Mama watoto, tangu nizibe hajatoka hata mmoja."

Marehemu aliiinua chupa kwenye mwanga, akaigonga kwa ukucha, asiruke hata mmoja, akasema, "Umefunga vizuri, fundi wangu," akageukia ukutani, na tangu siku hiyo hakuuliza tena habari za kazi. Shemeji mwenyewe ndiye aliyetaka haya yasomwe.

Alifariki tarehe 21 Septemba 2023, alfajiri, katika hospitali ya rufaa. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopokezana kumpikia binti, na wenzake wa maabara waliopekua kila kabati wakitafuta chupa ya akiba ya ukoo ule wasiipate. Mahali kama hapa husemwa kwamba kazi ya marehemu itaendelea, lakini wenzake wametuambia wazi kwamba haitaendelea, hakuna pa kuanzia.

Pumzika, dada yetu, na amani uichukue yote wewe, maana huku ulikotuacha hakuna aliyebaki nayo.