Mtoto wa Mzee Radi

Saa saba usiku wa kuamkia leo, kila aliyekuwa macho na redio yake alisikia mtoto akilia. Hakikuwa kilio cha nyumba ya jirani. Kilitoka humo humo redioni, katikati ya kipindi cha Mzee Radi, yule mpiga gitaa la roki wa zamani ambaye majuma matatu sasa anajaribiwa utangazaji. Mtoto alilia, mzee akaendelea kusoma salamu kama hana habari, kisha salamu zikakatika katikati, mzee akasema, "Samahani wasikilizaji, huyu ni wangu," akaimbia puani wimbo usio na maneno mpaka kilio kikaisha. Basi kulipokucha, benchi lililoegemea ukuta wa kinyozi halikuwa na habari nyingine. Mama Birika, binti anayewauzia kahawa, alimimina bila kutazama kikombe, kwa sababu mtoto mwenyewe alikuwa mgongoni mwake, kwenye mbeleko, amelala fofofo. Usiku yeye hupiga deki kwenye kituo hicho cha redio, na mtoto haruhusiwi kuvuka mlango wa kituo, na bosi amesema ikifika saa nne asubuhi anataka kujua huyo mtoto ni wa nani, na aliyepiga deki kabla yake alifukuzwa kwa kuanika soksi dirishani tu, soksi!

— Binti, unamwaga kahawa kwenye kiatu changu, alisema Profesa, karani mstaafu wa shule.

— Nisamehe, mzee wangu.

— Mwache, kashtuka kama sisi, alisema Redio Mbao, ambaye hana kazi ila habari za watu. Miaka sitini na saba, jamani! Na kichanga!

— Wahenga walisema, haraka haraka haina baraka, Profesa akatamka.

— Hiyo inaingiaje hapa?

— Kijana, mtu anazaa ana sitini na saba. Wewe umeona haraka hapo?

Kinyozi alitoa kichwa mlangoni, mkasi mkononi.

— Nyie mnadanganywa. Hakuna mtoto. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Ile ni mashine, unabonyeza kitufe mtoto analia, unabonyeza kingine jogoo anawika.

— Mzee Radi abonyeze kitufe? Redio Mbao alicheka mpaka akajipiga paja. Yule juzi alisema ni saa sita kasoro, akaweka wimbo, akarudi akasema ni saa tano. Muda unarudi nyuma!

— Na lile tangazo la majeneza? Kinyozi akachochea.

— Usinikumbushe! Anasoma vizuri, mbao ngumu, bei nafuu, halafu kazi ya jukwaani ikampanda: "Mko tayariiii?"

Benchi likalia kwa kicheko. Mama Birika naye alitoa meno, maana asiyecheka huulizwa ana nini, huku anajipinda kushoto na kulia ili wa mgongoni asiamke. Akiamka atalia, na wakimsikia wataijua sauti. Wameiigiza tangu asubuhi.

— Nawapa ukweli, Redio Mbao akashusha sauti, ile ya kusikika mpaka ng'ambo ya barabara. Ana mke wa siri. Binti wa miaka ishirini. Kamzalia, kamtupia mtoto studio, kakimbia na mpiga besi.

— Mpiga besi wake alishakufa.

— Basi na mtoto wa mpiga besi.

— La hasha, alisema Profesa. Mimi nimelichunguza jambo hili kisayansi. Mtu aliyepiga kelele jukwaani miaka arobaini, koo linazunguka. Linazunguka, linazunguka, linarudi lilikoanzia. Aliyelia ni yeye.

— Yeye nani?

— Mzee Radi mwenyewe! Mchelea mwana kulia hulia yeye. Wahenga walijua.

— Tena kituo kinakodisha watoto, Redio Mbao akadakia kwa kuogopa kupitwa. Saa zile nani yuko macho? Walinzi na akina mama wanaonyonyesha. Wanawawekea chambo!

Mama Birika alitazama saa ya ukutani kwa kinyozi. Tatu na nusu. Walivyokuwa wakimrarua mzee wa watu, kila neno lilimwingia yeye kama mwiba, na mdomo akaubana, kwa sababu akifukuzwa huko atamlisha nini huyu, kahawa?

Ndipo mtu mmoja mgeni, aliyekuwa anasubiri zamu yake ya kunyolewa, akaweka kikombe chini.

— Samahani wazee. Kwani mama wa huyo mtoto alikuwa wapi?

Profesa alitafuta methali, hakuipata. Kinyozi alikata hewa kwa mkasi mara mbili.

— Mama gani huyo, Redio Mbao akasema hatimaye. Asiye na haya, ndiye anayetupa mtoto.

— Alikuwa anapiga deki!

Neno lilimtoka Mama Birika kabla hajalishika, na likishatoka moja mengine hufuata.

— Hakumtupa! Alimlaza stoo kwenye matambara safi, jirani anayemlea ameugua, na usipoingia kazini usiku mmoja unakuta ndoo yako ina mwingine. Mzee alipita anatafuta maji ya moto akamkuta macho, akambeba asije akalia watu wakasikia, akarudi naye studio, akamweka bega la kushoto. Na sikio lake la kushoto lilikufa zamani, la kulia linasikia nusu, miaka yote hiyo ngoma zilikuwa upande huo! Mtoto analia sikioni mwake na yeye anasoma salamu. Dunia nzima inasikia, ila yeye. Fundi mitambo anampungia mikono nyuma ya kioo, akadhani anasifiwa, naye akapunga!

Mtoto aliamka, akawatazama wote juu ya bega la mamake, wala hakulia.

— Na alipoelewa, ndipo akasema ni wake, Kinyozi alisema polepole.

— Saa nne anaitwa na bosi. Amesema atashikilia ni mjukuu wake. Ati yeye ameshafukuzwa bendi nne, ya tano haitamuua. Mama Birika akajifuta uso kwa ncha ya mbeleko. Wazee wangu, bosi akijua nimekwisha. Na mzee atakuwa amechekwa bure.

Kinyozi aliweka mkasi kifuani.

— Dada, mimi nimenyoa vichwa vyenye mambo makubwa kuliko hayo. Halitoki.

— Siri ya mtungi aijua kata, alisema Profesa, na kwa mara ya kwanza siku hiyo methali ilikaa mahali pake. Tutakuwa kata.

Wote wakamgeukia Redio Mbao. Alikuwa ameinamisha kichwa, mkono mmoja nyuma ya mgongo, na huko nyuma simu ilitetemeka juu ya mbao za benchi, mara moja, mara mbili, mara tatu.

— Jamani, nimemwambia mke wangu tu, alisema. Na labda dada zake, wamekaa naye. Lakini naapa, Mama Birika, naapa mbele ya mtoto huyu: simwambii mwingine.