Mwalimu Scholastika na Daftari Analotuachia

Kwanza naomba radhi. Padre aliniomba maandishi haya tangu mwezi wa tisa, na leo ndiyo nakaa kuandika, kuaga kwenyewe ni Ijumaa. Nilisingizia meno ya mwanangu Benjamini. Ukweli niliogopa. Nilijua nikimaliza kuandika, Mwalimu Scholastika Kimario atakuwa ameondoka kweli.

Anastaafu tarehe 25 Novemba 1983, baada ya miaka thelathini na mmoja katika shule za parokia yetu hapa Kariakoo. Alishuka kutoka kwao Kibosho mwaka 1952, msichana wa miaka ishirini na minne mwenye sanduku moja la bati. Alifundisha darasa la kwanza hadi serikali ilipozichukua shule za msingi. Wenzake wengi walihamia serikalini pamoja na madawati. Yeye alibaki na kile tulichobakiwa nacho: ukumbi wa nyuma ya kanisa, vigoda kumi na viwili, na watoto wa chekechea. Leo watoto wamefika themanini na wanne. Nusu yao ni Waislamu, na wakitoka kwetu hupelekwa madrasa na Mzee Zahoro, fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara.

Kwa saa, Mwalimu hana mchezo. Mpishi wetu Pantaleo aliwahi kuchelewa dakika kumi, akamkuta anakoroga uji mwenyewe, aproni ya jikoni ameshaivaa. Hakumgombeza. Alimwuliza tu, "Umeamka salama, baba? Chumvi umeiweka wapi?" Pantaleo hajachelewa tena, ingawa hadi leo anaapa kwamba uji ule ulikuwa na madonge.

Lakini kazi yake kubwa ameifanya miezi hii miwili ya msako wa wasio na kazi mjini. Lori likisimama mtaani kwetu, kila mtu anajua kinachofuata. Asiye na kadi ya kazi anapandishwa, anapelekwa kijijini kulima, awe na mtoto shuleni au hana. Mapema mwezi wa kumi Josepha, muuza maandazi, alipakiwa saa nne asubuhi. Mtoto wake Candida alikuwa kwetu, kwenye kigoda. Mwalimu alikimbia na daftari la mahudhurio kuonyesha kwamba yule ni mzazi wa shule. Wanamgambo wakalifungua. Kwenye nafasi ya mzazi kulikuwa na jina la baba peke yake, kama tulivyozoea kuandika miaka yote, na baba mwenyewe yuko Songea. Josepha hakuwemo. Lori likaondoka. Alirudi baada ya wiki tatu, na muda wote huo Candida alilala kwa Mwalimu.

Daftari lile niliandika mimi.

Mwalimu hakunilaumu. Alichukua rula siku ileile, akachora mistari mipya kila ukurasa: jina la mama, kazi yake, namba ya nyumba, mjumbe wake wa nyumba kumi ni nani. Kisha akazunguka sokoni meza kwa meza. Mzee Zahoro akamtania, "Niandike na mimi, Mwalimu, nimekuwa mtoto wako miaka ishirini!" Akamjibu, "Wewe ulishafeli, kaa na cherehani yako." Kikaoni baadhi yetu tulisema hiyo siyo kazi ya shule. Akatutazama mmoja mmoja. "Tunawaimbisha watoto habari za Mchungaji Mwema, halafu kondoo wakipakiwa tunafunga dirisha?"

Tangu hapo ameshusha akina mama watano. Siku moja nilimfuata, yeye amemshika mkono Zamzam wa chekechea, mimi Benjamini mgongoni, nikijibanza nyuma yake, maana mimi ni msaidizi wa kutwa tu na kadi sina. Mwanamgambo alimwamkia vizuri.

"Shikamoo, mama. Lakini hili ni daftari, si kadi."

"Marahaba. Na huyu ni mtoto, si mzigo. Mama yake ni yule mwenye kanga ya kijani. Soma hapa."

Akasoma polepole, kidole juu ya mstari. Mama Zamzam akashuka. Tuliporudi getini Mwalimu aliketi kwenye ngazi, akaniomba nikae naye mpaka sauti ya lori ipotee. Sikuwahi kujua kwamba naye huogopa.

Kuanzia Jumatatu daftari hilo nashika mimi. Nimekubali, na woga wangu wote.

Mwalimu, asante kwa kila mtoto uliyempokea na kila mama uliyemrudisha. Nenda Kibosho ukapumzike. Mungu akupe afya ya magoti na usingizi wa mchana, na habari njema kutoka kwetu.

Na nyinyi mnaosoma, kabla ya Jumatatu naomba niletewe haya. Majina ya akina mama watano ambao bado hawajaandikwa: mama wa Mrisho, mama wa Elieshi, mama wa Kasmir, mama wa Klara, na mama wa pacha wa Mtaa wa Mchikichi. Namba ya nyumba ya kila mmoja, na jina la mjumbe. Muhuri wa parokia kwenye jalada, kwa sababu wa zamani umefifia. Na kutoka kwa Padre, barua yangu ya kazi ya kuonyesha badala ya kadi, yenye tarehe na sahihi. Lori likija nitatoka, hata kama barua haijafika. Lakini naomba ifike.

Severa Melkiori,
msaidizi wa darasa